Kuifundisha Mashine Kusoma Mwandiko wa Mkono

Bwana Mhariri ameniomba nieleze katika kurasa hizi za Kiswahili kazi inayofanywa katika kile chumba kidogo nyuma ya maktaba. Wanafunzi hutuona tukiingia na vitabu vyenye vumbi, na wengine wamekwisha sema kwamba tunawauzia karatasi wauza karanga. Hatuuzi. Tunavipiga picha vitabu vya zamani vya shule vilivyoandikwa kwa mkono, kisha tunavigeuza kuwa maandishi ambayo kompyuta yaweza kuyapekua neno kwa neno. Mimi nilisoma hapa zamani, na kazi yangu ya kila siku ni ukarani. Jumamosi nikipata nafasi huja kuwasaidia vijana wa Chama cha Historia.

Vitabu vyenyewe ni vya namna nyingi. Ziko rejista za majina, kumbukumbu za midahalo, hesabu za shamba la shule, na daftari za walimu wawili watatu waliokuwa na tabia ya kuandika mvua ya kila siku na magonjwa ya bwenini. Vingi ni vya Kiingereza, vichache vya Kiluganda na Kiswahili, na mara nyingine lugha zote tatu zimo katika ukurasa mmoja. Mchwa wamekula pembe za baadhi ya vitabu hivyo, na wino unafifia. Hata visingeharibika, ni nani atakayekaa chini asome rafu nzima ili apate jina moja?

Yafaa kwanza niondoe dhana moja. Mtu akipiga picha ukurasa kwa simu yake, hufikiri kwamba maneno yamekwisha ingia katika simu. Sivyo. Kilichoingia ni nukta za rangi. Karatasi ya kawaida ya A4 ikipigwa picha kwa nukta 300 kila inchi hutoa nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Zidisha, utapata zaidi ya milioni nane na nusu. Katika nukta zote hizo hamna hata herufi moja. Kwa kompyuta, picha ya neno "maji" na picha ya tawi la mwembe ni kitu cha namna moja. Herufi kwa kompyuta ni namba: A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, na ukitafuta neno, mashine hulinganisha namba na namba. Basi kazi yetu ni kuvuka kutoka nukta kwenda kwenye namba hizo.

Kwa kitabu kilichopigwa chapa safari hiyo ni fupi, maana herufi a ya ukurasa wa kwanza ni ile ile ya ukurasa wa mwisho. Iko programu iitwayo Tesseract, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Hewlett-Packard katika miaka ya 1980 na kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2005. Gazeti lililochapwa vizuri hulisoma kwa makosa machache. Lakini ipe daftari la mkono, itakurudishia fujo kama kwamba kuku amepita juu ya taipureta. Katika mwandiko wa mkono herufi hushikana. M hufanana na in, u hufanana na n, na mtu yule yule huandika r tatu mbalimbali kwa siku moja.

Njia iliyofaulu haikuwa kuiambia mashine sura ya kila herufi, bali kuionyesha mifano. Mwaka 1989 huko Marekani, Yann LeCun na wenzake wa Bell Labs walieleza habari za mashine waliyoifundisha kusoma namba za posta zilizoandikwa kwa mkono juu ya bahasha. Iliona maelfu ya tarakimu, kila moja na jibu lake. Ilikisia, ikasahihishwa, ikarekebisha hesabu zake za ndani kidogo kidogo mpaka ikazoea. Baadaye ukatengenezwa mkusanyo wa tarakimu unaojulikana kwa jina la MNIST, wenye picha 60,000 za kufundishia na 10,000 za kutahini, na mpaka leo wanaojifunza kazi hii huanza nao. Hapo nawaomba vijana wasikilize vizuri. Tarakimu hizo ziliandikwa na watu wa namna mbili: watumishi wa idara ya sensa ya Marekani, na wanafunzi wa shule za sekondari. Za watumishi zilionekana safi na rahisi kusoma kuliko za wanafunzi. Mimi karani sikushangaa.

Lakini tarakimu hukaa peke yake. Herufi za neno hazikai hivyo. Mtu akiandika "shamba" kwa mwandiko wa kuunga, ni wapi s inapokwisha na h inapoanza? Watu walijaribu kwa miaka mingi kulikata neno vipande, na kisu kikapita mahali pasipofaa. Mwaka 2006 Alex Graves na wenzake walitoa njia isiyohitaji kukata. Mashine hupewa picha ya mstari mzima, nayo huupitia kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kila hatua hukisia herufi iliyo mbele yake, au husema "hapa hapana herufi." Makisio yakitoka ss-hh-aa-mm-b-aa, herufi zilizofuatana za namna moja hukunjwa kuwa moja, na vistari hufutwa, tukapata "shamba". Angalieni hapo: neno likiwa na herufi mbili za namna moja zilizofuatana, kama ll, sharti mashine ione nafasi kati yao, ikikosa kuiona, huzikunja zote mbili kuwa moja. Kijambo hiki ni kidogo, lakini nitakirudia.

(Mwaka 2009 mashine za namna hiyo zilishinda mashindano ya kimataifa ya kusoma mwandiko, na mmojawapo ulikuwa wa Kiarabu. Natia habari hii kwa ajili ya wenzetu wa pwani, ambao wazee wao waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi tunazotumia.)

Programu tunayoitumia sisi ni Transkribus. Ilianzia Chuo Kikuu cha Innsbruck katika nchi ya Austria, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na tangu mwaka 2019 huendeshwa na chama cha ushirika. Wazee waliouza kahawa kwa ushirika wataelewa mara moja. Kazi yenyewe huenda hivi. Tunafungua kitabu juu ya meza karibu na dirisha, bila taa ya simu, maana taa hufanya wino ung'are na kupotea. Tunapiga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, na kuutia namba. Programu hutambua mistari, nasi tunaisahihisha pale ilipochanganya safu mbili za rejista. Kisha vijana hunakili kwa vidole kile kilichoandikwa, mstari kwa mstari. Wenye programu husema kwamba yatakiwa maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyonakiliwa hivyo kabla mashine haijaweza kufundishwa mwandiko mpya; ni kama kurasa 25 mpaka 75. Kazi hiyo yachosha. Lakini kijana aliyenakili kurasa kumi za mwalimu mmoja humfahamu mwalimu yule kuliko aliyesoma habari zake katika kitabu cha historia ya shule, hata hujua ni siku gani alikuwa na hasira, maana kalamu ilitoboa karatasi.

Kurasa chache tunaziweka kando bila kuionyesha mashine, ziwe mtihani wake. Mtahiniwa hapewi maswali aliyokwisha kuyaona. Alama zake huhesabiwa kwa kipimo alichokibuni Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965: ni herufi ngapi za kubadili, kuongeza, au kuondoa mpaka maandishi ya mashine yawe sawa na ya mtu. Ikikosea herufi 5 katika kila 100, watu hupiga makofi na kusema imepata 95. Ngojeni tufanye hesabu. Neno la herufi sita litoke zima, sharti zote sita zipone. Kama makosa yametawanyika ovyo, zidisha 0.95 mara sita na utapata karibu 0.735. Maana yake ni kwamba karibu neno moja katika kila manne lina kosa, na neno lenye kosa halionekani unapolitafuta. Kosa likishuka mpaka 1 katika 100, bado maneno kama sita katika kila mia hupotea. Kwa mtu anayesoma ili aelewe habari, si kitu. Macho yake hurekebisha. Kwa mtu anayetafuta, neno lililopotea ni kama halikuandikwa kamwe.

Hapa ndipo penye shida yenyewe, nami nitaieleza kwa jambo lililotokea mbele yangu mwaka jana. Mama mmoja wa makamo alikuja kutoka kaskazini, akauliza kama baba yake alisoma shule hii. Mzee yule alisema hivyo siku zote mpaka kufa kwake, lakini hakuwa na cheti, na baadhi ya jamaa walimcheka kwamba alijitukuza bure. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta aliandika jina la mzee, Okello, na jina lake la ubatizo. Mashine ikajibu kwamba hakuna.

"Basi, mwanangu, ndivyo hivyo," mama akasema, akaanza kufunga mkoba wake.

Mwalimu anayekilea chama akamwambia, "Mama, tafadhali ngoja kidogo. Mashine imesema haikumwona. Haikusema hayumo."

Tulileta rejista yenyewe. Mama alijua mwaka, 1958, kwa sababu baba yake alikuwa akisimulia habari za mvua kubwa iliyobomoa daraja akienda shule mara ya kwanza. Tukashuka na vidole katika kurasa, jina kwa jina, yapata dakika arobaini. Alikuwamo. Karani wa siku zile alikuwa ameandika jina kwa mwandiko wa kuunga, mkia wa o ya mwisho ukashuka chini, na mashine ikasoma "O Kelly", ambalo ni jina la watu wa Ireland. Katika safu ya wilaya palikuwa na vistari viwili tu vya kuonyesha "kama hapo juu", navyo mashine ilivisoma kuwa kumi na moja. Mzee alikaa vipindi viwili. Katika safu ya sababu za kuondoka paliandikwa neno moja, "ada". Mama aliomba picha ya ukurasa mzima, si ya jina peke yake, ili jamaa waone pia majina ya wenzake.

Kwa nini Kelly? Kwa sababu mashine haisomi umbo la herufi peke yake. Imejifunza pia ni herufi gani hufuatana na gani katika maandishi iliyoyaona, na wakati ule tulikuwa bado tunatumia modeli iliyofundishwa kwa miandiko ya Waingereza. Umbo likiwa na mashaka, huangukia upande wa kile ilichokizoea. Katika maneno ya kawaida mazoea hayo ni msaada mkubwa: ikiona "the scho-l" huweka o bila kusita. Lakini jina la mtu halikisiwi kwa mazoea. Na sisi, tukifungua rejista, tunatafuta nini isipokuwa majina? Lile linalosaidia kila mahali ndilo linaloharibu mahali pale pale tunapopahitaji. Majina ya kwetu ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa katika chakula iliyolishwa mashine hiyo hayakuwamo.

Wengine hushauri dawa nyepesi: iambie mashine ikubali kosa la herufi moja inapotafuta. Dawa hiyo ni nzuri, nasi tunaitumia. Ukiandika Okello italeta na Okelo, ambayo l moja imekunjwa kama nilivyoeleza. Lakini italeta pia Akello. Nadhani wengi mwajua kwamba kwa Waacholi na Walango Okello na Akello ni majina ya mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha, la kwanza la mwanamume, la pili la mwanamke. Kwa kipimo cha Levenshtein tofauti yao ni herufi moja tu. Kwa mwenye mtoto si tofauti ndogo. Rejista zetu zina safu ya mzazi, na kwa hiyo mama wa mwanafunzi mmoja hutokea kana kwamba ndiye mwanafunzi mwingine. Opio na Apio, majina ya pacha wa kwanza, hutusumbua vivyo hivyo.

Kwa hiyo tumekata shauri hivi. Kurasa za kumbukumbu na hesabu za shamba tunaiachia mashine, na kusahihisha kwa kupitia haraka. Safu za majina husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha hulinganishwa. Na yapendeza mmoja wao awe anatoka sehemu ambako majina hayo hutumika, maana kijana wa Gulu huliona Ocen mahali ambapo wa Masaka huona Oun. Vile vistari viwili tunaandika maana yake kwa ukamilifu, na kutia alama kuonyesha kwamba si maneno ya karani. Neno lisilosomeka huwekewa alama ya kuuliza katika mabano. Karani akikosea tahajia tunaliacha kosa lake kama lilivyo, na kuandika sahihi kando ili lipatikane. Tena kila mstari umefungwa na picha yake, hata mtafutaji aweze kuuona mwandiko wenyewe asitegemee neno letu.

Vijana huniuliza kwa nini tunajitesa hivyo, na siku hizi ziko mashine kubwa za akili bandia ambazo ukizipa picha hukuandikia ukurasa mara moja bila kufundishwa. Nimezijaribu, na kwa kweli katika kurasa safi hutushinda mbio. Ufasaha wao ndio unaonitia shaka. Mashine ya kwanza ikikosea huandika "shaniba", na mtu ye yote huliona kosa. Hizi mpya zikikosea huandika neno zuri lenye maana ambalo halimo katika ukurasa. Husahihisha Kiingereza cha mwandishi bila kuombwa. Pembe iliyoliwa na mchwa huijaza. Niliwahi kuipa mojawapo ukurasa wa mvua wenye shimo, ikaniandikia kipimo cha Jumanne ambacho hakuna mtu anayekijua isipokuwa mchwa. Sisemi zisitumike, nasema zitumiwe na mtu mwenye picha mbele yake.

Wala picha nayo si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2013 Mjerumani aitwaye David Kriesel alitangaza jambo lililowashtua wenye maofisi. Ramani ya nyumba yenye vyumba vitatu ilipitishwa katika mashine ya Xerox ya kunakili. Katika ramani yenyewe vyumba vilikuwa vya mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42, katika nakala vyote vitatu vikawa 14.13. Mashine haikuwa inasoma herufi hata kidogo. Ili kupunguza ukubwa wa faili, ilitafuta vipande vya picha vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukibandika mahali pa vingine. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye, lakini nakala zilizokwisha tengenezwa nani alizirudia? Kwa sababu hiyo, mtu akiniambia kwamba vitabu vikishapigwa picha vichomwe moto kupunguza vumbi, humwonyesha mlango. Vitabu vimewekwa katika masanduku ya bati yaliyoinuliwa juu ya matofali.

Kiswahili nacho kina matata yake wakati wa kutafuta, ingawa ni machache. Kiingereza hubadili neno mwishoni, sisi hubadili mwanzoni pia. Ukitafuta "kitabu" hutapata "vitabu"; tafuta "tabu", na uwe tayari kukutana na taabu za watu walioandika kwa a moja. Ukitaka habari za kusoma, andika "som" tu, utapata amesoma, wasomaji na masomo pamoja. Lakini "andik" haitakuletea "mwandishi", maana k imegeuka sh. Vijana wetu wameandika orodha ya mashina namna hii na kuibandika ukutani, nami naona ni somo la sarufi kuliko lile tulilofundishwa sisi.

Imebaki habari ya siri. Daftari la magonjwa lilipokuwa kabatini, aliyetaka kujua nani alikuwa na kifafa mwaka fulani alihitaji ufunguo na siku nzima. Likigeuzwa maandishi ya kutafutika, yatosha kuandika jina. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yataka mwenye kutunza habari hizo awe na sababu na uangalifu. Daftari hilo na kile kitabu cha adhabu tumevipiga picha tu, havijageuzwa, na picha zake zina ufunguo ulio kwa Mwalimu Mkuu.

Mwisho nina ombi kwa wanafunzi wa zamani. Katika rejista za 1955 mpaka 1961, kando ya majina mengi, zimeandikwa herufi K.T. kwa wino mwekundu. Mashine inazisoma vizuri kabisa, wala haikosei hata mara moja. Ila hakuna mtu hata mmoja shuleni ajuaye maana yake. Mzee anayekumbuka na amwandikie Bwana Mhariri, kwa mwandiko wo wote.